Daktari Aliniandikia Programu ya Simu: Yaliyonikuta na Kiuno Kisichotaka Kupona

Huku Ujerumani daktari anaweza kukuandikia programu ya simu kama anavyokuandikia vidonge, na bima ikalipa. Mimi niliandikiwa moja ya maumivu ya kiuno. Tangu habari hiyo iwafikie ndugu na marafiki, maswali hayaishi: inaitwaje, inashushwa wapi, inaponya kweli? Nimejibu kwa sauti za WhatsApp mpaka koo limekauka, kwa hiyo acha niandike mara moja, kwa urefu, nikisema kilichonisaidia na kilichonilia pesa bure. Asiye na muda aishie hapa: haikuniponya. Kiuno bado kinauma mara mojamoja. Ilichoniondolea ni woga, na nimekuja kuona kwamba woga ulikuwa umenilemaza kuliko kiuno chenyewe.

Nafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee mjini Kassel. Anayeifikiria kazi hii kwa mbali huona ni kumpa mzee chai na kusikiliza hadithi zake. Yapo hayo, ila sehemu kubwa ni kunyanyua. Unamgeuza mtu wa kilo 90 kitandani, unamvusha kwenda kwenye kiti cha magurudumu, unamkalisha chooni, kisha unapiga magoti kumvalisha zile soksi ndefu za kubana miguu ambazo hata kwa kijana mzima zinagoma kupita kisigino. Zamu ya asubuhi huanza saa kumi na mbili, na kabla ya saa tatu uwe umeshawaamsha, kuwaogesha na kuwavalisha watu kadhaa. Mashine ya kunyanyulia ipo, lakini ni moja kwa ghorofa nzima. Ukiisubiri, wazee wa mwisho watakunywa chai mchana.

Kiuno changu hakikukatika siku moja. Kilianza kama uchovu wa mwisho wa zamu, kikawa uchovu wa kuamka nao, mwishowe nikawa nashuka kitandani kwa kujiviringisha ubavu. Nikapaka dawa, nikabandika plasta za joto, nikameza ibuprofen. Dada mmoja Mkenya tunayefanya naye kazi akaniazima mkanda wake wa mgongo. Miezi mitatu ilipopita nikaenda kwa daktari wa familia. Baadaye nilielewa kwamba miezi mitatu ndiyo mpaka wenyewe: maumivu ya kiuno yakivuka wiki 12 madaktari huyaita sugu, na namna ya kuyashughulikia hubadilika.

Daktari aliuliza maswali mengi, akanigonga goti kwa kinyundo, akaninyanyua mguu mmoja mmoja nikiwa nimelala chali, akanitembeza kwa visigino na kwa ncha za vidole. Kisha akasema hakuna haja ya picha ya mgongo. Nikatoka nimenuna. Moyoni nilisema ningekuwa Mjerumani ningepigwa MRI, ile picha ya mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, siku ileile. Kumbe ndivyo miongozo yao inavyotaka kwa kila mtu: kama hakuna dalili za hatari, picha ya mapema haisaidii, na wakati mwingine inadhuru. Ukiona daktari amekataa kukupiga picha, muulize kwa nini. Jibu lake litakufaa kuliko hasira.

Alinipa cheti cha ugonjwa na karatasi ya fiziotherapia. Kwa wanaofikiria kuja kufanya kazi huku, hesabu ni hizi. Ukiugua, mwajiri anaendelea kukulipa mshahara hadi wiki sita. Zikipita kwa ugonjwa uleule, bima ndiyo inayokulipa, na hapo unapata kama asilimia 70 ya mshahara kabla ya makato. Kwenye fiziotherapia unachangia asilimia 10 ya gharama, na Euro 10 juu yake kwa kila karatasi. Si pesa ya kumuua mtu. Shida ni nafasi, maana kila kituo nilichopigia simu kilinipa tarehe ya mbali. Vipindi vyenyewe vilikuwa vizuri lakini vifupi: nalala kifudifudi, nachuliwa, naonyeshwa zoezi moja au mawili, naondoka. Karatasi ilipokwisha, nafuu nayo ikaaga.

Likizo nikaenda nyumbani Tanga. Mama alinichua kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, na usiku ule nililala kuliko usiku wowote wa Kassel. Lakini kila aliyekuja kunisalimia alikuwa na mgonjwa wake wa kiuno wa kunisimulia, na wengi wa wagonjwa hao waliishia pabaya. Nikapanda basi kwenda Dar es Salaam, nikalipa karibu laki tano kwa MRI katika hospitali ya binafsi. Majibu yakaja na maneno ya kutisha: diski, yaani kile kitu laini kinachokaa kati ya pingili, imetuna kati ya L4 na L5, pingili mbili za chini za kiuno, na kuna dalili za kuchakaa. Aliyenisomea akaongeza kwa mdomo kwamba nisiiname, nisibebe kitu, na huko mbele nifikirie upasuaji. Akaniuzia na mkanda, mgumu, wenye vyuma.

Hapo ndipo nilipougua kweli. Nilirudi Kassel nikitembea kama niliyejitwika ndoo ya maji: siinami, sigeuki bila kugeuza mwili mzima. Viatu vya kamba niliviweka kando nikanunua vya kuchomeka mguu. Kikianguka kitu chini nakitazama, nakiacha. Nikaomba zamu za usiku kwa kuwa usiku hakuna kuogesha, nikasahau kwamba kukosa usingizi nako kunaongeza maumivu. Wenzangu wakawa wananihurumia, na huruma ile ikanithibitishia kwamba nimeharibika.

Daktari wangu aliisoma ile MRI bila kushtuka. Alinieleza utafiti uliochapishwa 2015, uliokusanya picha za migongo ya watu wasioumwa kiuno. Kwa wenye umri wa miaka 40, kama asilimia 68 walikuwa na diski zilizochakaa, na nusu walikuwa na diski zilizotuna. Wote hao wanatembea, wanabeba watoto, hawajui chochote. Akaniuliza nina miaka mingapi, ingawa jalada langu lilikuwa mbele yake. Nikamwambia 42. Akasema, "Basi huu ni mgongo wa mtu wa miaka 42."

Hakuwa na maana kwamba najifanya. Maumivu ni ya kweli, alisema, ila picha haijakuonyesha yanakotoka. Kwa walio wengi, kama tisa katika kila kumi, hakuna kitu kimoja kilichovunjika unachoweza kukinyooshea kidole. Misuli imedhoofika, mishipa ya fahamu imekuwa miepesi ya kupiga kengele, usingizi mbovu, kazi nzito, mawazo, vyote vinachangia. Na kundi letu ni kubwa: Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na linatarajia wafike milioni 843 ifikapo 2050. Wataalamu wa fiziotherapia wa kuwashika mkono wote hao hawapo, hata Ulaya. Ndipo programu za simu zinapoingia.

Utaratibu wa huku uko hivi. Kuna sheria ya mwaka 2019 iliyofungua mlango wa programu za tiba kulipiwa na bima, na tangu 2020 madaktari wanaziandika. Zinaitwa DiGA, na orodha yake inatunzwa na mamlaka ya serikali inayosimamia dawa na vifaa tiba. Si kila kinachojiita programu ya afya kinaingia humo. Nyingine zimekubaliwa moja kwa moja kwa sababu zimeshaonyesha ushahidi kwamba zinasaidia, nyingine zimepewa muda wa kuutafuta. Unaweza kumuuliza daktari ya kwako iko upande gani. Bei ni mamia ya Euro kwa miezi mitatu, ila mgonjwa mwenye bima ya umma hachangii hata senti. Daktari anaandika, wewe unapeleka kwa Krankenkasse yako, yaani mfuko wa bima, nao wanakupa namba ya siri ya kufungulia programu. Ya kwangu ilikuja kwa posta, katika bahasha iliyofanana na zile za matangazo, ikalala na matangazo mpaka nilipokwenda kuyatupa. Ukiwa unasubiri, fungua kila barua.

Lugha nayo uiangalie. Mazoezi yana video, kwa hiyo hata Kijerumani chako kikichechemea utafuata. Lakini sehemu ya kusoma, inayoeleza maumivu yanavyofanya kazi na mawazo yanavyoyachochea, ilinitaka nikae na kamusi. Nakushauri usiiruke. Mimi ndiyo iliyonisaidia kuliko mazoezi.

Kabla ya zoezi la kwanza programu ilinihoji, na hapa naomba msomaji wa popote pale asome taratibu, kwa sababu haya hayahitaji simu wala bima. Je, umepoteza uwezo wa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo umegoma kutoka? Kuna ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja? Mguu unazidi kuishiwa nguvu? Una homa, jasho la usiku, umekonda bila sababu? Uliwahi kuugua saratani? Ulianguka au kupata ajali? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya haya linakuondoa kwenye programu na kukupeleka hospitali, na yale ya mkojo na ganzi ni ya kwenda siku hiyohiyo. Kwetu Afrika Mashariki niongeze moja: kifua kikuu hukaa hata kwenye pingili za mgongo. Mtu wa kiuno mwenye homa na jasho la usiku asiambiwe afanye mazoezi. Apimwe kwanza.

Mimi nilijibu hapana kwa yote, tukaanza. Mazoezi manne kwa siku, jumla yake robo saa. Chumba changu ni chembamba kiasi kwamba nikitandika mkeka mlango haufunguki. Simu niliiegemeza kwenye pakiti ya sembe. Mwanamke wa kwenye video alipiga magoti, akaweka viganja chini, akaupandisha mgongo taratibu na kuushusha, uso umetulia kana kwamba anasubiri basi. Mimi nilipojaribu, kabla kiuno hakijasema lolote, viganja na magoti vilikuwa vimeshalalamika. Kila zoezi likiisha inakuuliza: umeweza kulifanya lote? maumivu yamezidi? Mwisho wa siku unasogeza alama kutoka 0 hadi 10 kusema unaumwa kiasi gani. Kwa majibu hayo inakupangia ya kesho, mazito zaidi au mepesi zaidi.

Hiyo alama inachezewa kirahisi. Siku nikirudi kazini nimekasirika nilikuwa naandika 8, na kesho yake naletewa mazoezi ya kulala chali na kupumua tu. Nikachoka kubembelezwa. Nikaanza kuandika kile kiuno kinachosema, si kile mkuu wa zamu alichonifanyia, na mazoezi yakapanda. Pia acha kulinganisha leo na jana. Jumatatu 4, Jumanne 7, Jumatano 3: ukifuatisha hivyo utachanganyikiwa. Programu ina mchoro wa wiki kwa wiki, huo ndio wa kutazama, na wangu kwa mwezi wa kwanza ulikuwa karibu mstari mnyoofu. Nusura niache. Kama na wewe mchoro wako umelala, ujue si peke yako.

Kilichonibakiza ni saa ya mazoezi. Mwanzoni simu ilikuwa inanikumbusha usiku, nikiwa nimeshakaa sofani, na nikishakaa sofani nimekwisha. Nikahamishia kwenye dakika zile za kutoka zamu: navua viatu, natandika mkeka, ndipo nale. Sikai kabla ya mkeka. Kanuni hiyo ndogo imefanya kazi kuliko kengele zote za simu.

Jambo la pili lililonichukua muda ni kutoshangilia siku nzuri. Siku ya kwanza niliyoamka sina maumivu nilisafisha nyumba yote, nikafua mapazia, nikaenda dukani kwa miguu na kurudi na mifuko miwili. Kesho yake kukaa kwenyewe kulinishinda. Programu ina somo zima juu ya hili, na wengi wenye maumivu sugu wamo ndani yake: siku nzuri unamaliza kazi za wiki, siku zinazofuata unalala, halafu unasema mazoezi yamekudhuru. Dawa yake ni kupima kazi kwa saa badala ya maumivu. Tafuta muda unaoumudu hata siku mbaya. Kwangu ilikuwa dakika 15 za kupiga pasi au kufagia. Zikiisha simama, hata kama unajisikia kuendelea. Wiki ijayo ongeza kidogo. Inaudhi, hasa kwa sisi tuliolelewa kwamba kazi haiachwi katikati. Kuacha sahani nusu kwenye sinki kulinisumbua zaidi ya zoezi lolote.

Sasa nije kwenye woga. Programu iliniambia niandike mambo ninayoyakwepa na kuyapanga, kuanzia la kuogopesha kidogo hadi la kuogopesha sana. Yangu yalianza na kufunga kamba za viatu, yakapita kuinua kapu la nguo, yakaishia kumvalisha mzee soksi za kubana. Kisha unaanza na la chini, kidogokidogo, kila siku. Nilianza kwa kusimama ukutani na kuteremsha mikono hadi magotini tu. Baadaye nikafika katikati ya muundi. Siku nilipovaa tena viatu vya kamba mikono ilitetemeka nikasubiri mshindo wa kitu kukatika mgongoni. Hakikukatika kitu. Palivuta, pakauma, pakatulia. Nilizifungua zile kamba nikazifunga tena, kuhakikisha.

Mkanda wa vyuma niliuvua katika kipindi hicho, na nimeshaacha kuuhesabia pesa niliyotoa. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, lenye makao Geneva, lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno, na mikanda imo kwenye orodha ya mambo lisiyoyashauri. Yanayoshauriwa ni elimu, mazoezi, tiba ya kisaikolojia ya kubadili namna unavyoyachukulia maumivu, na tiba za mikono ikiwemo kuchuliwa. Nilipomsomea Mama kwamba kuchua kumo, alicheka, akasema yeye hakusubiri watu wa Geneva wamruhusu.

Vidonge vipo kwenye mwongozo, vile vya jamii ya ibuprofen na diclofenac, ila vina bei yake mwilini. Ukivinywa mfululizo vinaweza kukutoboa tumbo, kupandisha presha na kuchosha figo. Mimi sasa natumia siku chache tu, na chakula, maumivu yakipanda kweli. Na yanapanda. Kiuno sugu kina vipindi vyake. Yakija nafanya nusu ya mazoezi badala ya kuacha yote, naweka chupa ya maji ya moto, natembea hata kama ni kwenda jikoni na kurudi, na silali kutwa. Kulala kitandani kusubiri yaishe ni ushauri wa zamani ambao umeshaachwa.

Nisiwape matumaini ya kununua. Mojawapo ya majaribio makubwa ya programu za namna hii lilifanyika Denmark na Norway, kwa programu iitwayo selfBACK, na matokeo yakatoka 2021. Watu 461 waligawanywa: wengine tiba ya kawaida pekee, wengine tiba ya kawaida na programu. Baada ya miezi mitatu, asilimia 52 ya waliokuwa na programu walikuwa wamepata nafuu ya alama nne au zaidi, kwenye kipimo cha alama 24 cha namna kiuno kinavyokuzuia kufanya shughuli. Kwa waliokuwa bila programu ilikuwa asilimia 39. Yaani inasaidia, lakini wengi bila hiyo nao hupata nafuu, na karibu nusu ya waliopewa programu hawakufika kiwango hicho. Anayekuahidi kwamba programu yake itamaliza maumivu kwa wiki mbili anatafuta namba ya kadi yako.

Siku 90 zilipoisha, programu ilijifunga yenyewe. Nilishtuka, maana kumbukumbu zangu zote zilikuwa humo. Kama unaikaribia tarehe hiyo, shusha ripoti yako mapema uipeleke kwa daktari, anaweza kukuandikia kipindi cha pili akiona inakufaa. Na yaandike mazoezi yako kwenye daftari kwa mkono, kila moja na idadi yake. Mimi kipindi cha pili sikukiomba. Mazoezi nilikuwa nimeshayajua, na kilichobaki kilikuwa kuyafanya, jambo ambalo simu haiwezi kunifanyia. Niliongeza kutembea kando ya mto Fulda. Kuna utafiti wa Australia wa mwaka 2024, wa watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Waliopewa mpango wa kutembea na ushauri wa mtaalamu walikaa siku 208 kabla hayajawarudia, kwa hesabu ya mtu wa katikati, na wasiopewa siku 112. Kutembea hakuna bando.

Hilo la bando linanirudisha Tanga. Dada yangu ni fundi cherehani na kiuno kinamsumbua miaka mingi. Alijaribu programu mbili za bure. Zote kwa Kiingereza, video zinakula bando, na moja baada ya siku chache ikaanza kudai malipo kwa dola. Tukaziacha. Nikawa namtumia zoezi moja kwa wiki, kwa sauti na video fupi niliyojirekodi mwenyewe, mkeka na sembe vikionekana. Kwanza nilimuuliza yale maswali ya hatari. Kisha tukakubaliana kwamba kila akimaliza kushona nguo moja anasimama, anazunguka meza, anajinyoosha nyuma, anarudi. Sindano za diclofenac alizokuwa anachomwa dukani amepunguza sana, na nimemwomba asichomwe na mtu asiyempima presha. Mkanda bado anauvaa siku za mnada. Anasema unampa moyo. Sibishani naye, ila asizoee kushinda nao.

Kwa mtu aliye Tanzania au Kenya anayetaka programu, tazama mambo matatu kabla ya kuishusha: inaeleza nani ameitengeneza na kama kuna wataalamu wa fiziotherapia ndani yake, inakuhoji dalili za hatari kabla ya kukupa zoezi, na inasema wazi taarifa zako zinakwenda wapi. Habari za ugonjwa wako ni mali. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, lakini sheria haitakusaidia kama umebonyeza kukubali bila kusoma. Na kama uko karibu na hospitali yenye kitengo cha fiziotherapia, vipindi viwili vya kuonana na mtu anayekurekebisha mkao, halafu daftari, vitakufikisha mbali kuliko programu usiyoielewa lugha.

Lipo neno moja ambalo hakuna programu itakuambia, kwa sababu haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Inakufundisha wewe kupumua, kupanga, kuinama, kutoogopa. Mwajiri haimfundishi chochote. Nilikuwa nimefika mahali kila kikiuma najilaumu kwamba sikufanya mazoezi vizuri, wakati asubuhi ile nilikuwa nimewanyanyua watu wazima kwa mikono kwa sababu mashine ilikuwa chumba kingine. Kujisimamia ni kuzuri, ila kusigeuke njia ya kumbebesha mgonjwa mzigo ambao ni wa kazi.

Kwa hiyo nilikwenda kwa mkuu wa ghorofa na ripoti yangu ya programu mkononi, nikamwonyesha kwenye mchoro jinsi maumivu yanavyopanda siku za zamu yenye upungufu wa watu. Alisikiliza. Akaagiza mashuka ya kuteleza, yale unayomwekea mgonjwa chini ukamsogeza bila kumnyanyua. Yamefika, yanafaa, na wenzangu wanayagombania. Ombi la mashine ya pili bado liko ofisini. Mwezi huu nimeliandika upya, na safari hii ghorofa nzima imetia saini.